Ukurasa wa Kwanza wa Daftari ya Modestine

Siku ya kwanza kazini nilifika na viatu vya kaka yangu, vikubwa kuliko miguu yangu, na diploma ya serikali iliyokunjwa mara nne mfukoni. Nilikuwa nimeajiriwa kufundisha Kifaransa. Prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule, alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya mtu anayeongea ndani ya kanisa. Alitazama karatasi, akatazama viatu, akauliza:

"Kijana, umeisha kucheza théâtre?"

"Ndiyo, Prefe. Parokiani. Nilicheza mchungaji, siku ya Noeli."

"Ulisema nini mule?"

"Sikusema kitu, Prefe. Nilishika kondoo."

"Bon. Mwalimu wa théâtre alirudia Kinshasa, hakuyi tena. Mutu mwenye kujua kunyamaza atafundisha bengine kusema. Utaanza leo."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi niliyoifanya miaka thelathini na kitu, hapa Kisangani, na nilitoka mjini mara mbili tu. Mara ya kwanza walinituma Yahuma, kwenye shule isiyo na jukwaa wala pazia. Tulifanya mazoezi penye kukaushia mihogo, na mama mmoja alitufukuza kila siku na ufagio. Nilirudi baada ya mwaka, nikisema ni tumbo. Mara ya pili walinituma Ubundu. Treni iliharibika njiani. Wenzangu walikaa chini kusubiri, mimi nikarudi kwa miguu hadi nyumbani, nikaandika barua kwamba njia haipitiki. Nawaambia haya mapema ili mjue mnasoma maneno ya mtu gani. Kuna watu wanaopenda dunia. Mimi napenda kiti changu, sahani yangu ya lituma, ndizi za kupondwa, na mke wangu akinichokoza kutoka jikoni.

Somo langu liliitwa mise en scène, yaani kuongoza mchezo. Vijana wa leo mnadhani mwongozaji ni mtu wa kupiga kelele "Sauti! Sauti!" huku amevaa miwani ya jua. Wanafunzi wangu pia walidhani hivyo. Ukimpa kijana tamthilia, jambo la kwanza anagawa majukumu: kubwa kwa rafiki yake, la pili kwa msichana anayemtaka. Halafu anaanza kupanga nani aingie kushoto na nani kulia. Nikimwuliza, "Kwa nini kushoto?" ananijibu, "Prof, ni pale mlango uko."

Mimi nilianza na meza. Wiki nzima tunakaa, tunasoma maandishi kwa sauti ya kawaida, hakuna mtu kusimama. Tuliita kusoma mezani. Mwisho wa wiki kila mwanafunzi anaandika sentensi moja, moja tu, inayojibu maswali matatu: mchezo huu unasema nini, unasema kwa nani, na kwa nini leo? Sentensi hiyo niliita mgongo. Bila mgongo, mchezo ni nyama tu, unaulaza popote. Baada ya mgongo, mwanafunzi anatengeneza maketi, jukwaa dogo la kartoni. Halafu anachora plani, ramani ya jukwaa na viti, na kwenye plani kila kitu kiwe na jina lake. Nilikuwa mkali sana hapo. Mahali pengine jukwaa lina upande wa bustani na upande wa ua. Sisi tulikuwa na upande wa Mto na upande wa Soko, maana kuta za sal yetu, ukumbi wa shule, zilielekea huko, na hata mjinga hapotei.

Yote haya yaliandikwa katika daftari ya mwongozaji. Mgongo ulikaa ukurasa wa kwanza. Nyuma ya ukurasa huo, nikiridhika, niliandika "Nimeona, ninakubali," na jina langu. Hiyo ilikuwa desturi ya shule kabla yangu. Mara ya kwanza nilisaini madaftari kumi kwa mkupuo, kama mtu anayegawa mihuri posta. Prefe akanishika mkono.

"Ukisign, haiko kusema umesoma. Ni kusema: bakikuya kupiga huyu mutoto, bapite kwanza kwako. Unasikia?"

"Nasikia, Prefe."

Nilisikia vizuri kabisa. Sikuwa na tatizo la masikio.

Halafu vita ikaja, ikakaa. Wakubwa wapya waliushika mji, na pamoja nao majeshi mawili ya kigeni yaliyoingia kama ndugu. Baadaye ndugu hao wakaanza kupigana wao kwa wao, katikati yetu, kwa jambo ambalo hakuna aliyefika kutueleza. Sisi tulilala chini ya vitanda. Kulala chini ya kitanda nilikuwa na kipaji. Mke wangu alisema kama kungekuwa na mtihani ningepata alama zote.

Shule ilifunguliwa tena, lakini viti vya sal vilikuwa vimekwisha kupikia chakula cha askari. Basi tukaanza mtindo mpya: anayekuja kutazama mchezo aje na kiti chake. Saa tisa alasiri ungeona watu wanashuka kwenye toleka, zile baiskeli za abiria, kila mmoja amekumbatia kiti kama mtoto mgonjwa. Mstari wa mbele tu shule iliuazimia viti vizuri vya mbao kutoka parokiani, kwa ajili ya wakubwa, pamoja na Kamanda wa askari wao.

Mwaka huo nilikuwa na wanafunzi saba wa mwisho. Kila mmoja alipaswa kuongoza mchezo wa nusu saa mbele ya watu ili apate diploma. Mmoja aliitwa Modestine, binti wa fundi cherehani wa commune ya Tshopo, msichana wa maneno machache na mwandiko wa kuchapa. Alichagua mchezo mmoja wa kuchekesha, ulioandikwa na walimu wa zamani wa shule yetu: mtu anapokea wageni wawili nyumbani, wageni wanagombania kitanda. Wavulana walikuwa wameuongoza mara nyingi, wakiangushana na kupigana mito, watu wakacheka, wakarudi nyumbani.

Siku ya mgongo nilimwambia, "Soma."

"'Mchezo huu unasema ukarimu ni kitu kizuri, lakini uko na mipaka.'"

"Modestine, hiyo peleka kwa bamama ba parokia, bachapishe kwenye pagne. Itawapendeza."

Darasa likacheka kuwaza vitenge vya parokia na maneno yake. Yeye hakucheka.

"Alors, Prof, munipe ingine."

"Sitoi sentensi. Natoa maswali. Mwenye nyumba anakaa wapi?"

"Kwenye kiti yake."

"Mpaka lini?"

Akafungua maandishi, akafunga. "Texte haisemi."

"Texte haisemi kitu, ndiyo sababu kuna mwongozaji. Na kwa nini leo? Mwaka jana mchezo huu ungekuwa mamoja?"

"Apana."

"Basi nenda utafute kwa nini."

Nilimrudisha mara nne. Nakumbuka furaha yangu, mtu mzima, kumrudisha msichana mara nne. Mara ya nne nilimwambia anaandika kama mtu anayeogopa kuamsha watu. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Wekeni jambo hilo akilini.

Mara ya tano alikuja Jumatatu, miezi miwili baada ya mabomu kunyamaza. Nyumba yao ilikuwa imepoteza paa la chumba kimoja, na askari walikuwa wamekaa uani siku kadhaa. Asubuhi moja baba yake alitoka kuchota maji kwenye kisima alichochimba mwenyewe, na askari mmoja akamwuliza, "Wewe mzee, unatafuta nini hapa?" Modestine alinisimulia bila machozi, kama mtu anayesoma tangazo. Halafu akafungua daftari.

Sentensi yake nitaiweka mahali pake, mbele kidogo. Kwanza niwaambie alivyotaka kuongoza. Mwenye nyumba anaanza katikati, kwenye kiti kikubwa, mfalme kwake. Wageni wanagombania kitanda, na kila wanapogombana mmoja anachukua kitu cha kujikinga: meza, sanduku, mwisho kile kiti. Mwenye nyumba hasemi neno, anasogea. Anasogea upande wa Mto, anasogea, mpaka amekaa sakafuni mlangoni. Mapigano hayajaisha na vitu vimekwisha jukwaani. Basi wageni wanashuka chini kwa watazamaji, kwa adabu kabisa, wanasema, "Samahani, mzee, tusaidie," na wanachukua viti vya mstari wa mbele. Wakubwa wanabaki wamesimama. Mwisho.

Nilisimama na mimi. Miaka yote niliwaambia wanafunzi kwamba mtazamaji asirudi nyumbani na makalio yaleyale aliyokuja nayo. Nilikuwa nasema tu, ilikuwa mzaha wangu wa kila mwaka. Huyu alikuwa amesikia. Nikageuza ukurasa, nikaandika "Nimeona, ninakubali," na jina langu lote, kwa herufi kubwa, nikapiga na mstari chini yake.

"Prof," akasema, "haiko hatari?"

"Sanaa bila hatari ni lituma bila chumvi." Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, chai iko mbele yangu, ni rahisi kusema mambo kama hayo.

Halafu nikaongeza kosa la fundi. Kwenye plani yake alikuwa amechora viti vya mbele kama miraba mitupu. Nikamkemea.

"Plani yenye miraba bila majina ni mchoro wa banda la kuku! Nani anakaa hapa? Andika."

Akaandika kwa mwandiko wake wa kuchapa. Kiti cha kwanza: Chef wa Utamaduni. Kiti cha pili: Kamanda. Na chini yake: "Mgeni wa kwanza anachukua kiti cha Kamanda." Nikampa alama ya juu kwa usahihi.

Wakati huo kukusanya watu kulihitaji ruhusa, na ruhusa ilitoka kwa huyo Chef wa Utamaduni, mtu aliyewekwa na wakubwa wapya. Kwa kawaida alitaka orodha ya majina ya michezo tu. Siku nne kabla ya onyesho Prefe alikuja darasani na sauti yake ya kanisani:

"Chef anaomba madaftari yote saba. Kesho asubuhi, saa mbili."

Madaftari yalikuwa kwangu. Nilirudi nyumbani, nikayapanga mezani, nikafungua ya Modestine. Niliona plani. Niliona neno Kamanda. Nikageuza, nikaona jina langu na mstari wake chini, mkubwa kama barabara.

Ningeweza kumwita achore plani upya. Alikaa umbali wa nusu saa kwa toleka. Ningeweza kuficha daftari na kusema imepotea. Nilichofanya ni kuchukua wembe wa kunyolea na kukata ukurasa wa kwanza, karibu kabisa na uzi, kazi safi. Nilijiambia namkinga: bila ule mgongo, Chef hataelewa mchezo. Mke wangu alipita na sahani.

"Papa Didi, unakata nini?"

"Karatasi."

"Naona karatasi. Nauliza unakata nini."

Nilifunga daftari, nikavuta sahani.

Kesho yake tuliitwa wawili, mimi na Modestine. Chef alikuwa kijana, mpole, kalamu tatu mfukoni mwa shati. Alikuwa amesoma plani.

"Prof, madaftari sita iko na signature yako. Ya saba haina. Ni kusahau?"

Modestine alinitazama. Alikuwa ameniona nikisaini. Wino ulikuwa umemchafua kidole gumba alipofunga daftari haraka.

"Bado nilikuwa sijaikubali, Chef," nikasema.

Chef akamgeukia. "Mademoiselle, ni kweli?"

Alikuwa na neno moja tu la kusema, na neno hilo lingekuwa kweli. Alitazama mikono yangu, iliyokuwa inafungua na kufunga kifungo cha shati.

"Njo vile, Chef. Prof hakukubali. Ni miye peke yangu."

Walimweka ndani siku tisa. Onyesho lilifanyika, michezo sita, na Chef alipiga makofi.

Siku hizo tisa nilikuwa na malaria. Malaria hiyo ilianza niliporudi kutoka ofisini, na haikuwa na homa, wala kutapika. Ilinizuia tu kutoka nje. Baba yake Modestine alikuja kila asubuhi, amevaa koti, anakaa sebuleni mgongo wima.

"Prof, mutoto anasema ulisign. Alituonyesha, mie na mama yake, alikuwa na furaha. Weye ukisema tu pale kwa Chef kama ulisign, itakuwa kazi ya shule. Bila hiyo inaonekana mambo ya politique."

"Papa, nikipona tu, nitaenda."

"Aksanti, Prof. Upone."

Hakuna matusi yaliyowahi kuniuma kama hilo "upone." Mke wangu aliniletea pondu, kisamvu chetu, na samaki, akanitazama nikimaliza, akasema, "Hii malaria yako, Papa Didi, inapenda sana kukula."

Siku ya nane alikuja Prefe. Alikaa kando ya kitanda.

"Signature yako iko wapi?"

"Prefe, nina homa..."

"Sikuulize ya homa."

Nikanyamaza. Alikuwa amesema siku ya kwanza kwamba najua kunyamaza. Akatoa mfukoni karatasi nyeupe na muhuri wa shule, ule aliouita tampon, umefungwa ndani ya leso. Alitumia meza yangu. Aliandika polepole, "Nimeona, ninakubali," akasaini jina lake, akagonga muhuri.

"Mie sijui théâtre," akasema. "Sijui kama mutoto aliongoza muzuri ao mubaya. Lakini tampon iko na mie."

Akaenda kwa miguu, katikati ya jua. Modestine alitoka kesho yake. Prefe alibaki kule siku mbili mahali pake. Aliporudi hakuwa Prefe tena, na alishika ukuta wakati wa kutembea mpaka mwisho wa maisha yake. Modestine hakurudi shuleni, hakupata diploma. Daftari yake ilibaki ofisini kwa Chef, na ofisi ile iliporwa wakubwa walipobadilika.

Shule ilihitaji mkuu. Chef mwenyewe aliniita, akanikabidhi muhuri, bado umefungwa katika leso ya mzee. "Prof, weye uko mutu ya kujua kipimo," alisema. Hivyo ndivyo nilivyopanda cheo. Nilistaafu nikiwa Prefe. Kwenye sherehe walinisifu kwa kulinda shule katika miaka ya vita, na ni kweli, shule haikupotea. Hata bati moja. Niliendelea kufundisha mgongo, maketi, upande wa Mto na upande wa Soko. Wanafunzi walipata diploma kwa michezo mizuri ambayo haikumsimamisha mtu yeyote kitini. Sikuwahi tena kumrudisha mwanafunzi mara nne. Sentensi ya pili ilinitosha.

Mwaka huu Modestine alipiga hodi. Anafanya biashara ya samaki wa kukausha kutoka Ubundu, mama mnene sasa, wa kucheka. Alileta samaki wawili, akawapa mke wangu. Akakaa kwenye kiti nilichomwonyesha, akatazama sebule.

"Papa Prof, haukuhama."

"Nihamie wapi?"

"Kweli." Akacheka. Halafu: "Mutoto wangu wa pili anapenda théâtre, ananisumbua. Ananiuliza miye niliandika nini. Ule ukurasa... uko nao?"

Alijua. Nilijua kwamba anajua. Tumezeeka wote wawili, hakuna Chef, hakuna Kamanda, kulikuwa na samaki wawili tu na mke wangu aliyesimama mlangoni pa jikoni.

"Panya walikula," nikasema.

"Ee, panya ya kwenu inachagua sana. Ukurasa moja tu."

Mke wangu alirudi jikoni. Modestine alijipangusa mapaja, akasimama.

"Haizuru. Lakini ni ajabu, Papa Prof. Niliandika mara tano, na nimesahau. Nakumbuka tu ile ya kwanza, ile ya pagne."

Akaenda.

Ukurasa uko kwenye kabati, chini ya sahani za wageni. Umekuwa wa njano lakini haujapata tundu hata moja. Ningeweza kumkimbilia siku ile, alikuwa bado anabishana na mtu wa toleka pale nje. Ila ukurasa una pande mbili, na sikuweza kumpa mmoja bila kumpa mwingine. Nimeunakili hapa, kwa ajili yenu mnaojifunza kazi, na kama kuna anayesoma haya kule Ubundu, amsomee muuza samaki. Upande wa mbele, kwa mwandiko wa kuchapa:

"Mchezo huu unawaambia watu wa mji wetu, leo, kwamba mwenye nyumba akinyamaza wakati wengine wanapigana chumbani mwake, mwishowe yeye ndiye ataulizwa anatafuta nini hapa."

Upande wa nyuma: Nimeona, ninakubali. Na jina langu, kwa herufi kubwa, na mstari chini yake.